Kompyuta Kuukuu Ndani ya Kompyuta Mpya

Wakazi wa Kasanga wanaifahamu vema meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini katika Ziwa Tanganyika. Basi kitu kikuukuu si lazima kitupwe, ila chahitaji matunzo ya pekee.

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Maduka na ofisi nyingi zingali na programu za zamani za mishahara, stoo na madeni ya wateja, ambazo hukataa kufanya kazi katika kompyuta mpya. Fundi hutatua tatizo hilo kwa kuunda, ndani ya kompyuta mpya, kompyuta ya kuigiza iitwayo mashine pepe, na kuiwekea mfumo endeshi wa zamani, kama Windows XP au Windows 7. Ni jambo la busara, lakini wengi hudhani kwamba mfumo huo, kwa kuwa umo ndani ya kompyuta mpya, umekingwa nayo.

La hasha! Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya XP tarehe 8 Aprili 2014, na ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Udhaifu unaogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi kwa wezi. Mwezi Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fidia. Hata hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Havikungoja mtu afungue barua. Vilipita mtandaoni kutoka mashine moja hadi nyingine.

Kwa hiyo, kwanza kabisa, mashine pepe ya zamani ikatiwe mtandao. Isitumiwe kusomea barua wala kutafutia habari. Kazi hizo zifanywe katika kompyuta mpya. Ikiwa haina budi kuwasiliana na mashine nyingine ofisini, fundi aruhusu ile moja inayohitajika tu.

Pili, folda inayotumiwa kwa pamoja na mashine zote mbili ifungwe, kwani virusi vilivyomo ndani vyaweza kuharibu mafaili ya nje kwa njia hiyo. Flashi nayo ipimwe kwanza katika kompyuta mpya, yenye kinga ya virusi na masahihisho ya karibuni.

Tatu, weka akiba. Mashine pepe ni mkusanyiko wa mafaili tu. Izime, uyanakili yote katika diski ya nje, kisha uichomoe diski hiyo na kuihifadhi mahali pengine. Nakala iliyobaki katika kompyuta ileile itapotea pamoja nayo. Ujaribu pia kuirudisha, ili ujue kwamba inafanya kazi.

Hata hivyo, hayo yote ni ya muda. Liemba nayo ilibadilishwa mitambo yake ya mvuke ikawekewa ya dizeli katika miaka ya 1970. Pangeni siku ya kuhamishia hesabu zenu katika programu mpya, mkiwa bado mnaweza kuzifungua. Karani akipoteza daftari la mishahara, anayelala njaa ni mtoto wa mfanyakazi.