Gari Dogo Lililokwenda Mbali Lipimwe kwa Sayansi

Familia nyingi nchini mwetu hutumia akiba ya miaka mingi kununua gari dogo lililokwisha tumika, hasa Toyota Starlet, Vitz au IST kutoka Japani. Swali la kwanza la mnunuzi karibu daima ni moja: limekwenda kilomita ngapi? Maoni yetu ni kwamba swali hilo, likiachwa peke yake, halitoshi. Mita hupima safari, haipimi uchakavu. Tena mdanganyifu aweza kuzirudisha nyuma tarakimu zake.

Hebu tufanye hesabu. Kilomita 160,000 ni sawa na kuizunguka dunia kwenye ikweta mara 4. Tukikadiria kuwa injini huzunguka mara 2,000 kwa kila kilomita, basi imekwisha zunguka mara milioni 320. Chuma kinachosuguana mara nyingi kiasi hicho huokolewa na utando mwembamba wa mafuta. Kwa hiyo gari la kilomita 180,000, ambalo mafuta yake yalibadilishwa kwa wakati, laweza kuwa zima kuliko la kilomita 90,000 lisilotunzwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la matengenezo, lenye tarehe na kilomita zinazopanda kwa mfuatano, lina thamani kuliko rangi inayong'aa. Daftari lisipokuwapo, na tutazame raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Mita ikidai kilomita 60,000 ilhali raba ya breki imelika hadi chuma, shahidi mmoja anasema uongo.

Injini ichunguzwe ikiwa baridi, maana joto huficha makosa. Moshi wa buluu huonyesha kwamba mafuta ya injini yanaungua ndani ya silinda, pengine kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, pamoja na mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa, huashiria kuwa maji ya rejeta yanapenya ndani. Fundi mwenye geji apime mgandamizo wa kila silinda. Vipimo vikipishana sana, ipo silinda inayovuja.

Yafaa pia kuijua aina ya injini. Starlet ya miaka ya 1990 hutumia mkanda wa raba kuendesha valvu, na desturi ni kuubadilisha kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Vitz, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, na IST, iliyoanza mwaka 2002, hutumia mnyororo wa chuma. Mkanda ukikatika safarini, injini huzimika papo hapo.

Lakini jambo linalosahauliwa zaidi ndilo linalogusa uhai: breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Aina iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi; ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140. Katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, mkoani Iringa, breki hupata moto sana. Mafuta yakichemka hutoa mvuke. Kimiminiko hakigandamiziki kwa urahisi, bali mvuke hugandamizika. Pedali huzama na gari halisimami. Basi gari likiwa limesimama, injini ikiunguruma, pedali ikanyagwe kwa nguvu kwa nusu dakika. Ikizidi kuzama polepole, pana uvujaji. Kama hakuna ushahidi wa lini mafuta hayo yalibadilishwa, yabadilishwe kabla ya safari ya kwanza.

Matairi nayo huzeeka hata yasipotembea. Tarakimu 4 za mwisho katika alama ya DOT ubavuni hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

Wako watakaosema kwamba haya ni kazi ya fundi. Fundi ni lazima, nasi hatumdharau. Lakini mnunuzi asiyejua la kuuliza hawezi kupambanua jibu la kweli na la uongo. Na katika yote tuliyoyataja, hakuna lisilomo katika masomo ya sekondari: msuguano, mgandamizo, kuchemka kwa vimiminiko na kanuni ya Pascal.

Kwa hiyo twawashauri walimu wa fizikia wawapeleke wanafunzi kwenye gari la shule, wakiwa na daftari na kalamu, waandike walichokiona kabla ya kutoa hukumu. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini pedali huzama hataisahau kanuni ya Pascal. Na siku mzazi wake atakapokwenda kununua gari, ataweza kumwambia: tusitazame mita tu, tufungue boneti.