Mpigaji Aliyesimama Kama Kaa

Ikiwa kijana wako anajifunza kriketi shuleni, msomaji, hebu muulize somo la kwanza alilopewa na mwalimu wake. Bila shaka atakuambia: simama kwa upande, bega la mbele limwelekee mrushaji mpira, gongo lishuke wima. Somo hilo lina umri mkubwa na si baya. Shivnarine Chanderpaul alikaa nalo mbali kwa zaidi ya miaka 20, akaifungia West Indies mikimbio 11,867 katika mechi za Testi, zile za siku tano.

Alizaliwa mwaka wa 1974 kijijini Unity, kwa wavuvi wa pwani ya Guyana, huko Amerika Kusini. Ukoo wake una asili ya Kihindi, uzao wa vibarua waliosafirishwa na Waingereza kwenda kulima miwa, kama wenzao walivyoletwa huku kwetu kujenga reli. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa baba yake, Khemraj, aliyemrushia mipira tangu utotoni.

Kwanza mtazame alivyojiandaa. Alichukua kijiti kimoja kati ya vile vidogo vinavyolala juu ya nguzo, akakigongomea ardhini kwa mpini wa gongo ili kuweka alama yake. Chini ya macho alibandika vipande vyeusi vya kuzuia mng'ao wa jua. Kisha akatanua miguu na kumgeukia mrushaji kifua wazi, kama mtu aliyesimama mlangoni kuzuia mgeni asiingie. Waandishi wakamfananisha na kaa, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kugeuka.

Waliomcheka walitazama mwanzo tu. Kwa kusimama vile, aliuona mpira kwa macho yote mawili. Mpira ulipokuwa njiani alisogea, mwili ukazunguka, na gongo lilipougusa alikuwa amekwisha kufika palepale vitabu vinapotaka mpigaji awe. Kilichokuwa kigeni ni njia aliyopitia.

Alianza kuichezea West Indies mwezi wa Machi 1994, dhidi ya Uingereza, akiwa na umri wa miaka 19. Mwezi uliofuata, kule Antigua, Brian Lara alipovunja rekodi ya dunia kwa mikimbio 375, kijana aliyekuwa upande wa pili wa pichi alikuwa Chanderpaul, na mikimbio yake 75 bila kuondolewa. Nani anaikumbuka hiyo 75? Hivyo ndivyo maisha yake yalivyokwenda kwa muda mrefu: Lara alipewa makofi, yeye akabaki kulinda nguzo.

Wakenya tuna kumbukumbu yetu. Februari 29, 1996, mjini Pune, India, vijana wetu waliwafunga West Indies kwa mikimbio 73 katika Kombe la Dunia. Wageni wetu waliondolewa wote kwa mikimbio 93. Chanderpaul ndiye aliyepata mingi kuliko wenzake, 19 tu, hadi Steve Tikolo alipoudaka mpira uliorushwa na Maurice Odumbe.

Usidhani alijua kujilinda tu. Ni kweli kwamba mwaka wa 2002, dhidi ya India, alipiga kwa zaidi ya saa 25 kabla ya kuondolewa tena. Lakini mwaka uliofuata, nyumbani Guyana, aliwachapa Waaustralia mikimbio 100 kwa mipira 69. Aprili 2008, mjini Port of Spain, West Indies walihitaji mikimbio 10 na mipira miwili pekee ilikuwa imebaki dhidi ya Sri Lanka. Chanderpaul akapiga nne, kisha sita. Mwaka huohuo alitawazwa mchezaji bora wa dunia.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka wa 2015, akiwa na miaka 40, alipata mikimbio 92 tu katika mechi tatu dhidi ya Uingereza. Wateuzi, wakiongozwa na Clive Lloyd, Mguyana mwenzake, wakamwacha nje. Alikuwa amebakisha mikimbio 86 kufikia jumla ya Lara ya 11,953. Lara mwenyewe alimtetea hadharani. Wateuzi walikuwa na hoja, maana timu haichaguliwi kwa huruma. Lakini mimi naona mtu aliyecheza Testi 164 alistahili kuagwa uwanjani. Alistaafu Januari 2016.

Hata hivyo aliendelea kuichezea Guyana, na mwaka wa 2017 alipiga pamoja na mwanawe, Tagenarine. Kijana huyo naye hugeuza kifua kumwelekea mrushaji, na tangu 2022 amecheza Testi. Februari 2023, huko Bulawayo, alipata mikimbio 207 dhidi ya Zimbabwe bila kuondolewa. Katika Testi, baba hakuwahi kupita 203.