Usimfungulie mwalimu imeli

Jumamosi nilikuwa nyumbani Bumula, na kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne akanijia na simu mkononi. Anaomba nafasi katika chuo kimoja cha Marekani. "Kaka, nisaidie kumfungulia mwalimu imeli. Yeye hana, na wanataka anwani yake leo."

Nikamkatalia. Hakufurahi. Wacha nieleze sababu, maana najua hayuko peke yake.

Hapa Kenya wengi wetu hatujazoea barua za mapendekezo. KUCCPS hukupa chuo kwa kuangalia gredi zako za KCSE na kozi ulizochagua. Hakuna anayemwuliza mwalimu wewe ni mtu wa namna gani. Marekani ni tofauti. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia tovuti ya Common App. Mwanafunzi anajaza jina na imeli ya mwalimu, mwalimu anatumiwa kiungo, kisha anaingiza barua yake mwenyewe. Mwanafunzi haioni. Anaulizwa pia kama anaacha haki ya kuisoma baadaye akishajiunga na chuo, haki inayotokana na sheria ya Marekani ya 1974 iitwayo FERPA. Si lazima aiache. Lakini akiiacha, wasomaji huiamini barua zaidi, kwa kuwa mwalimu aliandika bila kuogopa macho ya mwanafunzi.

Sasa tazama jambo hili kama mtu wa programu. Kiungo kile hakimjui mwalimu. Kinajua anwani tu. Yeyote mwenye nywila ya anwani hiyo ndiye "mwalimu". Ukimfungulia wewe, nywila unayo wewe, na siri imekwisha kabla herufi moja haijaandikwa. Hata kama hukugusa barua, utathibitishaje? Chuo kikishuku, unaweza kupoteza nafasi, na wadogo zako wa shule hiyo hiyo wakaangaliwa kwa jicho la shaka.

Bahasha ya zamani ilikuwa na akili kuliko kiungo. Mwalimu anaifunga kwa gundi, anatia sahihi juu ya mahali ilipofungwa, anagonga muhuri wa shule. Ukiifungua njiani, inaonekana.

Lakini kijana simlaumu sana. Waliobuni mitambo hii walidhani kila mwalimu ana kompyuta mezani na imeli ya shule. Mwalimu wa Kimaeti ana simu yake na bando la kununua mwenyewe, na Novemba, wakati maombi yamepamba moto, KCSE nayo inaendelea. Akipata ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa mtu asiyemjua, wenye kiungo cha kubonyeza, ataufuta akidhani ni matapeli. Si ndivyo tulivyomfundisha?

Dawa ipo. KeNIC, wanaosimamia majina ya .ke, wametenga .sc.ke kwa ajili ya shule. Shule ikiwa na jina lake huko na kila mwalimu akapewa anwani yake, aliye Boston ataona barua imetoka shuleni, si kwa anwani iliyofunguliwa jana usiku. Kazi hiyo haihitaji fundi wa kutoka Nairobi. Sisi tunaojua kompyuta tunaweza kujitolea, kila mmoja kwa shule aliyosoma. Na tunaotengeneza fomu za kupokea barua hizi, tuhakikishe zinafunguka kwenye simu ya bei nafuu na zinahifadhi barua iliyoandikwa nusu.

Nawe mwanafunzi, mwambie mwalimu mapema. Mweleze ujumbe utatoka wapi na mwisho ni lini.

Jioni tulipanda boda na yule kijana hadi kwa mwalimu wake. Mwalimu akafungua imeli kwa simu yake mwenyewe, mimi nikimwelekeza. Alipofika kwenye nywila, nilimwambia kijana tutoke nje kidogo.