Akili ya Ngoma

Kila anapotajwa Fela Kuti, kauli ni ile ile: alichukua mapigo ya Afrika Magharibi, akayatia ubunifu wa jazi, ikazaliwa afrobiti. Wanaoisema huona wanamsifu. Mimi naiona ni dharau iliyovishwa joho la sifa, na wapenzi wa ushairi ndio wa kwanza wanaopaswa kuikataa, maana wao wanaijua thamani ya mizani.

Hebu itazameni ilivyokaa. Afrika imeleta mguu unaocheza. Marekani imeleta kichwa kinachofikiri. Ngoma hurudia, saksafoni hubuni. Mgao huu ulikuwako kabla Fela hajazaliwa Abeokuta mwaka 1938, na waliokuja kututawala waliutumia katika mambo mazito kuliko muziki.

Sasa tuusikilize muziki wenyewe. Katika bendi ya Fela, gitaa moja lina sauti chache ambazo halizibadilishi kwa dakika 10 na zaidi. Gitaa la pili limeshika nyingine. Besi ina zake, vijiti vina pigo lao, na shekere, kile kibuyu kilichovishwa wavu wa shanga, kina lake. Hakuna kinachotosha peke yake. Ukikiondoa kimoja, vilivyobaki huyumba. Kuvipanga vikapishana bila kugongana, kila kimoja kikaacha pengo litakalojazwa na mwenziwe, ni kazi ya kichwa, tena kazi ngumu. Na aliyekaa nyuma ya dramu, Tony Allen, aliyefuatana na Fela tangu miaka ya 1960 hadi 1979, alikuwa amewasikiliza kwa makini Max Roach na Art Blakey, mafundi wakubwa wa dramu za jazi. Mikono yake miwili na miguu yake miwili ilisema mambo manne kwa wakati mmoja. Basi hiyo jazi tunayoambiwa ililetwa na saksafoni ilikuwa imekwisha kuingia ngomani, na ngoma ilikuwa imeifanya yake.

Na saksafoni je? Fela alianza na tarumbeta. Mwaka 1958 alikwenda London, akasoma muziki katika Trinity College of Music. Saksafoni aliishika mwaka 1973, alipoondoka Igo Chico, mpigaji wa bendi, na mwaka huo huo akaipuliza katika "Gentleman". Wapo wajuzi wanaomcheka: ati vidole vizito, ati hana mbio za Charlie Parker. Kweli hana. Lakini Parker alikimbia kwa sababu mpangilio wa sauti chini yake ulibadilika kila mara, na kila badiliko lilimdai jibu jipya. Chini ya Fela ardhi imetulia. Akimbie amfukuze nani? Hutupa kifungu kifupi, akakirudia, akakipinda mkia, akangoja tarumbeta zimjibu, kisha dramu ikamsukuma mbele. Kumpima kwa kipimo cha Parker ni sawa na kuupima utenzi kwa mizani 16, kisha kuulaumu kwa ufupi wa mishororo yake.

Wala njia haikuwa ya upande mmoja. John Coltrane, ambaye hakupungukiwa pumzi wala vidole, alirekodi "Africa/Brass" mwaka 1961, na mwaka uliofuata akakipa kipande kimoja jina la "Tunji", kwa heshima ya Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria aliyeishi New York. Aprili 1967, miezi mitatu kabla ya kufa kwake, alipiga katika kituo cha Olatunji huko Harlem. Bwana huyu alifuata nini kwa mpiga ngoma, kama ngoma ni mguu tu?

Nayasema haya kwa sababu kauli ile imeanza kutumika hata katika mabishano yetu ya ushairi. Husikika ikisemwa kwamba wanamuziki wa jazi walijikomboa na kanuni, hivyo na sisi tuzitupe bahari na vina. Sina ugomvi na shairi huru. Lina mafundi wake. Ninachokataa ni shahidi wa uongo. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipojibizana, nani atathubutu kusema kwamba vina viliwazuia kufikiri? Makali ya jibu yalikuwa humo humo, katika kusema jipya ndani ya kipimo ambacho msikilizaji alikuwa nacho sikioni tayari.

Anayetaka kuivunja bahari na aivunje kwa hoja zake. Fela asiitwe barazani kumtolea ushahidi. Isikilizeni "Zombie" ya mwaka 1976: saksafoni inapopaa, ikapiga kelele, ikamdhihaki askari anayetembea kwa amri, lile gitaa la mwanzo halijabadilisha hata sauti moja.