Maji Aliyoyakataa Daudi

Mfalme Daudi alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mashujaa watatu walipenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Hakuyanywa. Aliona kwamba yamelipiwa kwa maisha ya watu, akayamimina mbele za Bwana. Habari hii imo katika Samweli wa Pili, sura ya 23, nayo inatuhusu sana sisi tunaoabudu kwa Kiswahili hapa Phoenix, Arizona.

Mji wetu uko jangwani. Mvua yake kwa wastani haifiki milimita 200 kwa mwaka. Sehemu ya maji ya bomba hutoka mto Colorado, yakisukumwa kwa pampu katika mfereji unaovuka jangwa kwa zaidi ya kilomita 500 hadi kusini ya Tucson. Mto huo umechoka. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitangaza rasmi upungufu wake kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata mgao wa Arizona ukapunguzwa. Walioumia zaidi ni wakulima wa kaunti ya Pinal.

Hata hivyo, ukoka unaendelea kumwagiliwa. Hatusemi juu ya uwanja ambao watoto huchezea. Tunasema juu ya ule wa mbele ya jengo, usiokanyagwa na mtu isipokuwa mwenye mashine ya kuukata. Huo ni pambo tu. Jirani zetu wa Nevada walitunga sheria mwaka 2021: kuanzia 2027, katika eneo la Las Vegas, ukoka wa pambo kwenye maofisi na kando ya barabara usimwagiliwe maji ya Colorado. Je, kanisa lingoje hadi bunge lilifundishe kiasi?

Wapo wanaosema kwamba mashamba ndiyo yanayotumia sehemu kubwa ya mto, na ukoka wetu ni tone tu. Kuhusu mashamba ni kweli. Lakini shamba hulisha watu. Ukoka hautoi hata fungu la mchicha. Tena uwakili hauanzii kwa jirani. Wengine wanasema uwanja usio na majani mabichi utaiaibisha nyumba ya Mungu. Aibu gani? Miti ya paloverde na kaktasi za saguaro ni kazi ya mikono yake, nazo huchanua bila bomba.

Miongoni mwetu wamo akina mama waliopanga foleni na madumu katika kambi ya Nyarugusu. Hao hawahitaji kufundishwa thamani ya ndoo moja. Tuwasikilize wao kabla ya fundi wa bustani. Kila kanisa liamue katika mkutano wake: ukoka usiokanyagwa ung'olewe, ipandwe miti ya jangwani yenye kivuli. Daudi aliyamimina maji kwa Bwana. Tusiyamimine kwa ajili ya macho ya wapita njia.