Bima ya Nyumba: Namba Moja Inayoamua Kila Kitu

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za programu kidogo tuzungumze juu ya bima ya nyumba. Najua hapa Kenya tukisikia bima tunafikiria gari, maana hakuna askari wa trafiki atakayekusimamisha akuulize bima ya nyumba. Lakini hata kati ya wale walio nayo, naamini wengi wanadhani wamekingwa kumbe ni nusu tu.

Tatizo ni namba moja: thamani unayojaza kwenye fomu. Mikataba ya bima ya nyumba kwa kawaida ina kipengele cha wastani. Ukikiandika kama programu, ni mstari mmoja:

fidia = hasara x (kiasi cha bima / thamani halisi)

Tuseme kujenga nyumba yako upya kutagharimu shilingi milioni 10, nawe umeikatia bima ya milioni 6. Jikoni panashika moto, hasara ni milioni 2. Utasema, si 2 ni chini ya 6? Nitalipwa zote. La! Utalipwa milioni 1.2, na zile 800,000 utazitafuta mwenyewe. Hujaibiwa. Ulilipia asilimia 60 ya nyumba, nawe unafidiwa asilimia 60 ya hasara.

Sasa namba sahihi ni ipi? Si bei uliyonunulia, kwani ndani yake mna ploti, na ploti haiungui. Si deni la benki pia. Benki itakutaka uwe na bima, lakini inalinda mkopo wake. Mkopo unapungua kadiri unavyolipa, gharama ya ujenzi haipungui nao. Namba unayotafuta ni gharama ya kuijenga nyumba hiyo hiyo leo: saruji, vyuma, mabati, mafundi, michoro, idhini ya kaunti, hata kuondoa vifusi. Mkadiriaji wa ujenzi atakupa hesabu hiyo.

Nasisitiza neno "leo". Mapema mwaka 2020 dola moja ilikuwa karibu shilingi 100. Januari 2024 ikafika karibu 160, kisha ikashuka hadi karibu 130. Aliyeandika thamani ya vyombo vyake 2020 na kuiacha hapo, je, runinga na kipakatalishi atavinunua kwa bei ya 2020?

Hapa ndipo mifumo ya tarakilishi inaponiudhi. Muda wa bima ukiisha, mfumo unanakili namba ya mwaka jana, unabonyeza kitufe, unalipa, kwisha. Mimi ningeandika mfumo huo, kisanduku cha thamani kingekuja kitupu kila mwaka, na bila kukijaza huendelei. Wauzaji watalalamika kwamba wateja watachoka na kukimbia. Afadhali mteja achoke dakika kumi sasa kuliko agundue ukweli akiwa amesimama kwenye majivu.

Kabla mifumo haijabadilika, fanya haya mwenyewe. Tengeneza lahajedwali ya kila kitu cha thamani nyumbani na bei yake ya leo, piga picha, halafu jitumie kwa barua pepe. Orodha iliyo ndani ya tarakilishi iliyoungua haikusaidii. Uliza kama kipakatalishi na rununu vimekingwa ukitoka navyo nje, kwa sababu mara nyingi vitu hivyo huwa na sehemu yake pekee kwenye mkataba. Vifaa vya kazi navyo uviulizie. Na baada ya tulivyoona mafuriko Nairobi mwaka 2024, hakikisha mafuriko yametajwa kwa maandishi.

Bima ndogo ina ada ndogo, ndiyo maana inavutia. Lakini kama unalipa kila mwaka, lipa kwa namba ya kweli. Toa mkataba wako kabatini leo, tafuta hiyo namba, kisha uilinganishe na gharama ya kujenga.