Ati kozi ya nyota haina soko? Ngoja kwanza

Mwambie mtu mtaani kwamba unasoma astronomia, kisha uone. Wa kwanza atataka umtabirie kama ataoa mwaka huu. Wa pili atakuuliza, "Na hiyo italeta unga?" Wa tatu, kama ni shangazi yako, atanyamaza tu halafu ampigie mamako simu.

Mimi nilitoka chuoni mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo swali la soko nalijua vizuri. Hata hivyo nataka tubishane kidogo. Kozi ya kwanza kabisa ya astronomia, ile wanayopewa wanafunzi wapya kabla ya hesabu kuwa kali, inakufaa wewe kijana wa mjini kuliko nyingi unazosukumiwa kila siku, hata kama hutawahi kushika darubini maishani.

Sababu ni swali moja linaloizunguka kozi yote: umejuaje?

Fikiria. Hakuna binadamu aliyewahi kufika kwenye nyota. Hakuna aliyeleta kipande chake tukakipima. Kinachotufikia kutoka huko ni mwangaza, tena mara nyingi mdogo mno. Kwa hivyo mwalimu akikwambia nyota fulani ina joto kiasi fulani, una haki ya kumuuliza amejuaje, na yeye lazima ajibu.

Kati ya Desemba na Machi, tafuta paa lisilo na taa nyingi jioni, uangalie juu. Utaona nyota 3 zimejipanga mstari mmoja. Huo ni mkanda wa Orion. Kaskazini yake iko Betelgeuse, imekaa wekundu wekundu. Kusini iko Rigel, nyeupe yenye ubuluu. Sasa mkumbuke fundi wa jua kali akichoma chuma: kwanza kinakuwa chekundu, kikizidi kupata moto kinaelekea manjano, halafu weupe. Nyota ni hivyo hivyo. Betelgeuse usoni ina kama nyuzi 3,300 za Selsiasi, Rigel inapita 11,000. Hakuna aliyeenda na kipimajoto. Rangi imesema.

Au simama kando ya Thika Road matatu ipite ikipiga honi. Ikija sauti ni nyembamba, ikishapita inakuwa nzito. Mwangaza nao hufanya hivyo: kitu kikikukimbia, mwangaza wake husogea upande wa wekundu. Ndivyo ilivyogunduliwa kwamba galaksi karibu zote zinatukimbia, na zile za mbali ndizo zinakimbia zaidi. Ugunduzi huo wa 1929 unaitwa kwa jina la Edwin Hubble, lakini baadhi ya galaksi hizo zilipimwa kwa mkono wa msee mwingine, Milton Humason. Huyu aliacha shule akiwa na miaka 14. Alikuwa akiendesha nyumbu waliobeba vifaa vya kujengea kituo cha Mount Wilson kule California, baadaye akaajiriwa hapo kama mfagiaji, kisha akawa msaidizi wa usiku. Hakuwa na digrii. Simtaji ili uache chuo, tafadhali. Namtaja kwa sababu kuna watu watakwambia sayansi ina mlango mmoja tu na wewe umeshafungiwa nje.

Tukija kwa zile nyota za kutabiriwa, hapa ndipo kozi inauma. Tuseme umezaliwa tarehe 1 Agosti. Umejiandika Simba kwenye wasifu wako wa Instagram, na kuna mtu umemkataa kwa sababu yeye ni Nge. Ukweli ni kwamba siku hiyo ya Agosti, Jua huwa mbele ya kundi la Kaa. Dunia inayumba polepole kama pia inayozunguka, mzunguko mmoja wa kuyumba unachukua takriban miaka 26,000, na zile tarehe za buruji zilipangwa yapata miaka 2,000 iliyopita. Anga limesogea, tarehe zimebaki pale pale. Isitoshe, kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba Jua hupita kwenye kundi la Mbeba Nyoka, ambalo halimo kabisa kwenye zile buruji 12. Pole kwa yule wa Nge.

Utani kando. Swali hilo hilo la umejuaje ndilo ningetaka umuulize yule jamaa wa Telegram anayekuuzia matokeo ya mechi ambayo haijachezwa, na yule wa foreksi aliyekodi gari ili apigie picha. Wenzetu wamepoteza karo, kodi ya nyumba, hata pesa za chama cha mama zao, kwa sababu hakuna aliyewazoesha kudai ushahidi bila aibu. Shuleni tulizoeshwa kukariri. Na Fizikia, somo lililokuwa karibu zaidi na swali hilo, wengi wetu tuliiweka chini tulipofika Kidato cha Tatu.

Utasema mambo haya ni ya wazungu. Basi sikiliza hii, kwa sababu inaniudhi kwamba sikuisikia darasani hata siku moja. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini upande wa Ngomeni karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya sikukuu yetu, Wamarekani wakaiita Uhuru. Walikuja hapa kwa sababu ya ikweta: Dunia inazunguka kwa kasi zaidi hapa, kwa hivyo roketi inapata msukumo wa bure.

Uhuru ikakitazama kitu kinachoitwa Cygnus X-1 na kukuta miali yake inapepesa mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Ona sasa akili yake. Kitu hakiwezi kupepesa chote kwa pamoja haraka kuliko mwangaza unavyoweza kukivuka. Jua letu mwangaza hulivuka kwa zaidi ya sekunde 4. Kwa hivyo hicho kitu kilikuwa kidogo kuliko Jua. Wengine wakapima nyota inayozunguka nacho kila baada ya siku 5.6, wakakuta kina uzito mkubwa kupita Jua mara nyingi. Kidogo hivyo, kizito hivyo? Leo vitabu vingi vya astronomia vinakitaja kama shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya setilaiti hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Sisi tulibaki na jina.

Sikudanganyi kuhusu kazi. Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa digrii ya astronomia na astrofizikia, na Kenya ilirusha Taifa-1 mwaka 2023, lakini nafasi ni chache na zinajulikana kwamba ni chache. Anayekuahidi mshahara wa haraka hapa, muulize lile swali letu.

Lakini kuijaribu hakuhitaji ganji nyingi. Profesa Charles Bailyn wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alirekodiwa mwaka 2007 akifundisha kozi nzima ya mihadhara 24 kwa wanafunzi ambao si wa sayansi, na iko mtandaoni bure. Inashughulikia sayari za nyota nyingine, mashimo meusi, na jinsi ulimwengu unavyotanuka. Hesabu yake ni ya sekondari. Imezeeka kidogo, kwa mfano picha ya shimo jeusi ya 2019 haimo, kwa hivyo isome pamoja na kitabu cha Astronomia cha OpenStax, ambacho pia ni bure.

Bando likiwa shida, pakua sauti peke yake badala ya video, na uchukue maandishi ya mihadhara. Tafuta daftari la kurasa 96 na kalamu. Kanuni ya tatu ya Kepler inakuja mapema sana, na wengi hukimbilia hapo. Usiruke. Ifanye kwa Dunia kwanza, ambayo jibu lake unalijua, ndiyo uende kwa Mshtarii.